Lori la Maji Lililozimika Saa Sita

Gelle alikuwa dereva wa lori la maji. Mara tatu kwa wiki, akishaswali alfajiri, alilirudisha lori lake kinyumenyume hadi ukingoni mwa mto Tana, chini ya mji wa Garissa. Shemeji yake Dubow, kaka wa mkewe, ndiye aliyekuwa utingo. Wawili hao walichota maji kwa ndoo na kujaza mapipa ishirini. Walipomaliza, mikono ya Gelle ilikuwa imekufa ganzi, na safari yenyewe ilikuwa bado haijaanza.

Ulikuwa mwaka wa 1967. Vita vya serikali na waasi wa kaskazini mashariki vilikuwa vimeingia mwaka wa nne. Serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji katika vijiji vipya, vyenye ua wa miiba pande zote na askari langoni. Kijiji kimoja kilikuwa maili hamsini kutoka mjini, kwenye njia ya Liboi. Kisima chake kilitoa maji ya chumvi, tena machache. Maji ya kunywa yaliletwa na Gelle. Alikwenda leo, akalala huko, akarudi kesho.

Mama yake, Sharifo, aliishi katika kijiji hicho. Kabla ya vita alikuwa na ng'ombe arubaini. Sasa alikuwa na mbuzi watatu. Lori lilipofika, watu walipanga foleni na madebe yao, na Sharifo alisimama wa mwisho kabisa. Hakutaka mtu aseme kwamba mama wa dereva anapendelewa. Gelle alimsihi mara nyingi asogee mbele. Alikataa kila mara, na mwishowe Gelle akachoka kumsihi.

Lori halikuruhusiwa kwenda peke yake. Lilikwenda katika msafara, gari la askari mbele na jingine nyuma. Penye shaka, askari walishuka na kutembea wakitafuta mabomu yaliyofukiwa mchangani. Malori yaliwafuata kwa gia ya kwanza, mwendo wa ngamia mgonjwa, injini zikinguruma juani.

Hapo ndipo shida ya Gelle ilipokuwa. Asubuhi lori lilikwenda vizuri. Lakini ikifika saa sita, kwenye mchanga wa mto mkavu, injini ilikohoa mara mbili tatu, kisha ikazima. Dubow alifungua boneti. Alichota maji katika pipa, akaimwagia pampu na paipu ya petroli. Mvuke ulifuka. Baada ya robo saa injini iliwaka. Baada ya maili mbili ilizima tena.

Basi lori la maji likawa linakunywa maji ya watu. Lilipofika kijijini, mapipa mawili yalikuwa matupu, siku nyingine matatu. Waliokuwa mwisho wa foleni walirudi nyumbani na madebe yakigongana mikononi. Sharifo alikuwa miongoni mwao. Majirani walimgawia vikombe viwili vitatu.

Gelle alikuwa amejaribu kila alichoambiwa. Alibadilisha pampu. Alibadilisha plagi. Alisafisha kabureta mara nne. Alichuja petroli kwa kitambaa cha shuka. Kila mtu sokoni alikuwa na dawa yake, na hakuna dawa iliyofaa. Mwishowe aliacha kuuliza. Alizoea kuzimikiwa kama mtu anavyozoea jino bovu.

Siku moja Dubow alipata wazo. Alikata gunia, akalizungusha kwenye paipu ya petroli, akalifunga kwa kamba, akalilowesha maji. Alisema gunia likiwa na unyevu, paipu itakaa baridi hadi kijijini. Gelle alilitazama, akaona si vibaya. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata wazo dogo lilionekana kama mapumziko.

Saa nne ilipita. Saa tano ikapita. Gunia lilikauka bila wao kujua. Kwenye kiungio cha paipu petroli ilikuwa ikidondoka kidogo kidogo, na gunia lilikuwa likiinywa. Walipoingia kwenye mchanga, Gelle alisikia harufu. Kisha aliona moshi ukitoka chini ya boneti.

Walishuka wote wawili. Dubow aliinua boneti, na moto ukamrukia mikononi. Gelle alimwaga ndoo ya maji, lakini petroli ilielea juu ya maji na moto ukatambaa nayo hadi upande wa pili. Askari walikuja mbio na makoleo. Walitupa mchanga, wakatupa tena, hadi moto ukazimika. Dubow alikuwa amekaa chini, ameinyoosha mikono mbele yake kama mtu anayeomba dua. Ngozi ilikuwa imeanza kuvimba.

Gari la askari lilivuta lori kwa mnyororo. Walifika kijijini jua limezama. Wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kutoka nyumbani, kwa hiyo maji hayakugawiwa. Yalilala ndani ya mapipa, na watu wakalala na kiu hatua mia moja kutoka hapo. Asubuhi foleni ilipopangwa, Sharifo alianguka. Walimnyanyua, wakamnywesha kwa kijiko. Alipofungua macho alimwona mwanawe.

"Umekula?" alimwuliza.

Gelle alichukua kijiko, akaendelea kumnywesha.

Kabla ya kuondoka, mkuu wa msafara alimwita kando. Alikuwa ofisa kutoka bara, mtu mpole lakini asiyelala vya kutosha.

"Gelle, ukisimama wewe, tunasimama sote," alisema. "Tukisimama mahali pale, mtu yeyote anaweza kutupiga. Nakupa siku nane. Lori likizima tena baada ya hapo, nitaomba dereva mwingine."

"Afande, hii gari nasikia joto tu," Gelle alijibu kwa Kiswahili chake cha barabarani. "Siyo mimi."

"Najua siyo wewe. Lakini watu wanataka maji."

Walivutwa hadi Garissa. Dubow alipelekwa hospitali akafungwa bendeji mikono yote miwili. Gelle alifika nyumbani, akaketi juu ya mkeka, akamweleza mkewe Qali yote, hata habari ya mama kuanguka. Alisema labda ni afadhali apewe mtu mwingine kazi hiyo. Huenda mwingine angefika na maji.

Qali alikuwa akiuza maziwa mjini. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba mmoja wa wateja wake alikuwa mzee aitwaye Jelle, aliyefanya kazi miaka ishirini katika vyumba vya injini za meli zilizotoka Aden. Huko alikuwa akifunga mabomba ya mvuke ili yasipoteze joto.

"Mimi nataka kuondoa joto," Gelle alisema. "Yeye alikuwa analitunza."

"Mwache aje atazame. Akishindwa, atakuwa mmoja tu zaidi ya wale waliokwisha shindwa."

Mzee Jelle alikuja asubuhi iliyofuata. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alikohoa kila baada ya maneno machache. Walimwita Adeer, baba mdogo, kama ilivyo heshima kwa mzee. Hakugusa kitu kwanza. Alimwuliza Gelle maswali. Lori linazima saa ngapi? Barabara ngumu au mchanga? Mwendo wa kasi au wa polepole? Likipumzika kivulini, je, linawaka lenyewe bila kumwagiwa maji?

Gelle alijibu kwamba ndiyo, likikaa saa nzima linawaka lenyewe.

"Basi halina ugonjwa," Jelle alisema. "Lina joto. Njoo uone."

Alimwonyesha paipu ya petroli, au kilichobaki chake baada ya moto. Ilitoka kwenye tangi, ikapita chini ya lori, ikapanda hadi kwenye pampu. Lakini karibu na injini ilipita ubavuni mwa ekzosi, bomba linalotoa moshi. Kati yake na ekzosi hapakuwa na nafasi zaidi ya upana wa kidole. Gelle alikumbuka kwamba miaka miwili nyuma, kabla ya misafara hii ya polepole, fundi mmoja aliikata paipu iliyopasuka na kuipitisha njia ya mkato.

"Umewahi kuona birika likichemka?" Jelle aliuliza. "Maji yanageuka mvuke. Petroli nayo ni hivyo hivyo, tena yenyewe haingoji moto mwingi. Ukienda kasi, upepo unaipoza paipu, na petroli inapita haraka. Ukienda polepole kwenye mchanga, injini inafanya kazi kubwa, ekzosi inakuwa nyekundu, upepo hakuna. Petroli inachemka humo humo ndani ya paipu. Pampu yako inajua kuvuta petroli. Mvuke haiwezi kuuvuta. Inavuta, inavuta, haipati kitu. Injini inakufa kwa njaa, na tangi limejaa."

Gelle aligusa kile kilichobaki cha paipu. Kwa mwaka mzima alikuwa akitafuta kitu kilichovunjika. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kila kitu kilikuwa kizima.

"Na gunia la Dubow?" aliuliza.

"Dubow alifikiri vizuri, ila alichukua kitu kibaya. Gunia, pamba, kamba ya katani, vyote hivyo vinanywa mafuta na vinashika moto. Usivifunge kamwe karibu na ekzosi. Ni kama kutengeneza utambi wa taa."

Dubow, aliyekuwa ameketi mlangoni na bendeji zake, aliinamisha kichwa. Jelle alimwambia asijilaumu. Alisema kwenye meli aliona wakubwa wenye vyeti wakifanya mabaya zaidi.

Kazi ilianza injini ikiwa baridi kabisa. Kwanza walitia paipu mpya. Jelle hakuipitisha njia ya mkato. Aliipeleka mbali na ekzosi kadiri ilivyowezekana, na mahali pa karibu kabisa aliacha nafasi ya kiganja kizima. Alisema hiyo ndiyo dawa ya kwanza, na anayeiruka akakimbilia kuifunga paipu kitambaa anajidanganya.

Pili, walikata debe la bati, wakalinyoosha na kulifunga kwa bolti kati ya ekzosi na paipu. Bati halikugusa ekzosi wala paipu. Hewa ilipita pande zote mbili. Bati hilo lilikuwa kama mwavuli, ila lilikinga joto badala ya jua.

Tatu ndipo Jelle alipofungua sanduku lake. Alitoa bunda la kitambaa cheupe, chembamba kama mkanda. Kilikuwa kimefumwa kwa nyuzi za kioo. Alisema kitambaa hicho hakishiki moto. Aliwaambia wafunike pua na midomo kwa vitambaa na washushe mikono ya mashati, kwa sababu vumbi la nyuzi hizo linawasha ngozi na kifua.

"Hiki ndicho mlichofungia mabomba melini?" Gelle aliuliza.

Jelle alikohoa kwa muda mrefu kabla ya kujibu.

"Hapana. Melini tulitumia asbesto. Ilikuwa nyeupe, rahisi, na tele. Tuliikata kwa misumeno, vumbi likatuangukia kama unga. Tulikuwa watu tisa katika chumba chetu. Sita wamekwisha kufa, na wote walianza kwa kikohozi. Sijui madaktari wanasemaje. Mimi ninajua nilichoona. Ukipewa asbesto bure, usiichukue."

Alikuwa amesema kweli. Leo madaktari wote wanasema vivyo hivyo.

Walizungusha mkanda kwenye paipu, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule uliotangulia, ili pasiwe na pengo. Juu yake Jelle alifunga karatasi ya bati laini, ile inayong'aa, iliyotoka ndani ya sanduku la majani ya chai. Upande unaong'aa ulitazama nje, urudishe joto lilikotoka. Mwisho alikaza kwa waya mwembamba. Viungio vya paipu aliviacha wazi.

"Hivi usivifunge," alimwambia Gelle. "Vitazame kila asubuhi. Petroli ikidondoka, unataka kuiona. Ukifunga kiungio, unajifunga macho. Na mkanda ukilowa mafuta siku yoyote, utoe, utupe, utie mwingine. Usioshe."

Lori liliondoka na msafara siku ya nne. Dubow alikataa kubaki nyumbani. Alikaa kando ya Gelle, mikono mapajani. Ilipofika saa sita waliingia kwenye mchanga. Askari walishuka na kuanza kutembea. Gia ya kwanza. Injini ilinguruma. Gelle alihesabu miti ya miiba iliyokuwa mbele, mmoja mmoja. Waliupita mti ambapo huwa linazima. Waliupita wa pili. Kwenye ukingo wa ng'ambo, lori likikaribia kutoka kabisa, injini ilikohoa, ikazima.

Gelle aliweka paji la uso kwenye usukani. Ofisa alikuja hadi dirishani, akamtazama, akarudi zake. Walimwaga maji nusu pipa. Lori liliwaka, na halikuzima tena hadi kijijini. Siku hiyo pipa moja tu halikujaa, lakini Gelle hakuona hilo. Aliona tu kwamba limezima.

Aliporudi Garissa alimwendea Jelle na kumshukuru kwa kazi yake. Alisema sasa atatafuta kazi nyingine. Mzee hakukubali wala hakukataa. Aliuliza ni mara ngapi lori lilikuwa likizima zamani.

"Mara tano. Siku nyingine sita."

"Na jana?"

"Mara moja."

"Basi tumebakiza sehemu moja ambayo sikuiona. Niombee kibali. Nitakwenda nawe."

Gelle alimwambia kwamba safari ile itamuua. Jelle alisema amekaa miaka ishirini mahali penye joto kuliko Liboi, tena bila dirisha.

Ofisa aliandika kibali bila furaha. Siku nane zilikuwa zinaisha siku hiyo hiyo. Mzee alipanda, akajifunga shuka puani kwa sababu ya vumbi. Njia nzima alisikiliza injini. Kwenye mchanga, ukingo ule ule, injini ilikohoa ikataka kufa. Jelle alisema kwa sauti ndogo, "Usizime. Toa gia, mwache apumue." Gelle alitoa gia. Injini ilitetemeka, ikasitasita, lakini haikufa. Walitoka mchangani wakijikongoja, msafara ukingoja dakika mbili tu.

Kijijini Jelle hakuruhusu boneti iguswe mpaka injini ipoe. Alingoja kivulini hadi jua likaribie kushuka. Kisha alifungua, akaingiza mkono, akapapasa polepole kama daktari. Kati ya pampu na kabureta kulikuwa na hozi ya mpira, fupi kuliko mkono. Ilipita juu kabisa ya ekzosi. Walikuwa wameifunga paipu yote ndefu, wakaisahau hiyo fupi.

"Kosa langu," Jelle alisema. "Nilitazama ile ndefu."

Hozi yenyewe ilikuwa imeanza kuwa ngumu na kupasuka nyufa ndogo kwa joto. Gelle alikuwa na nyingine mpya kwenye sanduku la spana. Waliibadilisha, wakaikinga kwa kipande cha bati, wakaifunga mkanda na karatasi inayong'aa, viungio wazi. Kazi hiyo haikumaliza hata nusu saa. Kwa sababu Dubow hakuweza kushika spana, alishika taa.

Juma lililofuata walisafiri tena. Saa sita iliwakuta mchangani. Askari walitembea mbele, mmoja wao akachelewa sana akichimba mahali alipotilia shaka, na malori yakangoja na injini zikiwaka chini ya jua lote la mchana. Gelle alitoa jasho hadi shati likashikamana na kiti. Injini iliendelea kunguruma. Askari aliinua mkono, Gelle akatia gia, lori likapanda ukingo na kwenda zake. Ofisa alipunga mkono mara moja kutoka gari la mbele. Hakuna aliyeshangilia. Njia ilikuwa bado ndefu, na vita vilikuwa bado havijaisha.

Walifika saa saba na nusu. Mapipa ishirini yalitoka mtoni, mapipa ishirini yakafika.

Baada ya hapo madereva wengine wawili wa msafara walimfuata Jelle. Mmoja lori lake lilikuwa linachemsha petroli kama la Gelle. Mwingine hozi ya breki ilikuwa karibu na ekzosi, na Jelle alimwambia hiyo ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu joto likifika kwenye mafuta ya breki, siku moja utakanyaga na gari halitasimama. Gelle na Dubow ndio waliozifunga, mikono ya Dubow ilipopona. Mzee aliketi kwenye kiti akawaelekeza.

Siku ile ya mapipa ishirini, foleni ilikwenda polepole kama siku zote. Watu walipokea, wakaondoka, na pipa la mwisho lilikuwa bado na maji. Sharifo alifika na debe lake. Gelle mwenyewe ndiye aliyemjazia, hadi juu.

Sharifo hakumshukuru wala hakumsifu. Alilibeba debe hadi mlangoni mwa kibanda chake, akachota maji kwa bakuli dogo, akachutama. Alinawa mikono mara tatu. Alisukutua. Alinawa uso, taratibu, akiacha maji yateremke hadi shingoni. Kwa miezi mingi alikuwa akitayamamu, yaani kutawadha kwa mchanga, kabla ya kila swala, ili maji machache aliyopata yawe ya kunywa. Alipomaliza miguu, alitandika mkeka wake na kuswali adhuhuri.

Gelle alimtazama kutoka kwenye lori. Kisha akatandika gunia kivulini, kati ya magurudumu, akalala. Dubow alimwamsha jua likiwa limeelekea magharibi, akamwambia kwamba mama ameleta chai.